Siku nne bondeni: kumrudisha baba kwenye dungu

Kila ikifika Juni baba huanza kulizungumza dungu. Yeye yuko Mwanakwerekwe, Unguja, kwenye nyumba ya matofali yenye feni, lakini mpunga wa Pemba ukianza kuinamisha vichwa utamsikia tu: "Saa hizi ndege wameshashuka." Alipelekwa bondeni kuamia, yaani kulinda mpunga usiliwe na ndege, akiwa na miaka minane. Sasa ana sabini na mbili, goti la kulia limekwisha, na tangu mama atutoke hajawahi kuniomba kitu. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Iddi kubwa, aliomba: alale usiku mmoja bondeni.

Kwa asiyelijua, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo katikati au pembeni mwa shamba la mpunga. Sakafu yake ni fito zilizofungwa kwa kamba, paa ni makuti, na kinapandwa kwa ngazi. Anakaa humo mtu wa kufukuza ndege na tumbili mchana, na usiku analala humo humo ili alfajiri imkute juu ya kazi.

Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu na picha za simu. Bonde lenyewe silitaji jina, ni shamba la watu wanaoishi kwa hilo hilo. Liko upande wa Konde, kaskazini mwa Pemba, na hilo linatosha.

Wiki mbili kabla

Maandalizi yalianza kwa kuangalia mwezi. Baba alisema hakuna haja ya kwenda gizani, twende mwezi kumi na tano. Iddi, ambayo ni kumi ya Mfunguo Tatu, ilikuwa Jumatatu tarehe 17 Juni, kwa hiyo kumi na tano ya mwezi huo iliangukia Jumamosi ya tarehe 22. Skuli zilikuwa zimefungwa, kaka yangu mdogo akapata ruhusa kazini. Tukawa watano: baba, mimi, kaka na wanangu wawili, wa miaka kumi na wa miaka saba.

Nikampigia ami, mdogo wake baba, ambaye bado analima kule. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Dungu langu la mwaka huu ni la mtu mmoja. Nipe wiki nijenge la pili." Nikamtumia shilingi 85,000 za makuti, fito na vijana wawili wa kumsaidia. Miti alikata kwenye shamba lake mwenyewe.

Anayetaka kufanya safari kama hii akumbuke kwamba Pemba hakuna milima. Vilima vyake havifiki hata mita 150. Lakini kisiwa kimekunjamana mno. Unashuka kilima cha mikarafuu, unakuta bonde la mpunga lenye kijito, unapanda kingine, unashuka tena. Waarabu hawakukosea kukiita Al-Jazira Al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani. Usitarajie mahali palipojengwa kwa ajili ya kulala wageni mabondeni. Hapo utalala kwa sababu kuna mtu wa kukupokea, na mtu huyo ndiye utakayempata kabla ya kukata tiketi.

Mzigo wetu: vyandarua vitatu, mikeka minne, mashuka mazito (usiku wa kusi bondeni una baridi kuliko unavyodhani), kurunzi mbili, jiko dogo la gesi, sufuria mbili, ndoo yenye mfuniko, viatu vya mpira, dawa za baba, na turubai. Turubai kaka alitaka kuliacha kwa uzito wake, nikakataa.

Ijumaa 21 Juni, usiku: bandari ya Malindi, Unguja

Tiketi za meli ya usiku kwa wakubwa watatu na watoto wawili zilikwenda shilingi 118,000. Kwenye ukaguzi tukaambiwa mtungi wa gesi haupandi na abiria. Ni haki yao, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza mapema. Ilikuwa saa mbili usiku, hakuna wa kuja kuuchukua. Nje ya geti alikuwapo mama mmoja anayeuza kachori na chai ya tangawizi, hatujuani hata kwa sura. Aliyasikia yote. Akasema, "Uweke hapa chini ya meza yangu, mwanangu. Mimi nipo kila siku isipokuwa Ijumaa asubuhi." Sikuwa na la kumpa zaidi ya kununua kachori kumi.

Meli ilichelewa kuondoka kwa saa tatu, bila tangazo la maana. Watu walitandika mikeka pale pale wakalala. Bibi mmoja wa Mkoani, Pemba, alimwona baba anahangaika na goti, akamwondoa mjukuu wake kwenye kiti. "Kaa, babu'ke. Huyu ana magoti mapya."

Tulipofika mkondo wa Nungwi kusi lilikuwa limechacha. Meli ilipanda na kushuka, watoto wakatapika, na pale watu wazima wote wakawa kimya. Kila Mpemba anajua kwa nini. Ni maji hayo ambamo meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba kama sisi. Mzee mmoja alianza kusoma Yasini kwa sauti ya chini na wengine wakamfuata mpaka tukatoka kwenye mawimbi.

Wenye watoto wasafiri na limau na mifuko, wakae katikati ya meli chini, si mbele. Juni hadi Septemba bahari ndiyo hivyo.

Jumamosi 22 Juni: Mkoani hadi Konde

Tulishuka Mkoani saa tatu asubuhi. Kwa dala ungepanda moja mpaka Chake Chake, kisha nyengine ya Konde, na ingetugharimu robo ya tulichotoa. Kwa ajili ya goti tulikodi gari kwa shilingi 80,000 mpaka mlangoni kwa ami. Sijutii. Chake tulisimama kwa chai na mkate wa kumimina, nikanunua dawa ya mbu niliyoisahau. Baada ya hapo baba alikaa dirishani akitaja kila kilima, na dereva, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akawa anapunguza mwendo bila kuambiwa ili mzee amalize anachosema.

Konde tulikwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Msiruke hatua hii, hata kama mnakwenda kwa ndugu. Tulitoa vitambulisho, akaandika majina yetu kwenye daftari, akauliza tunalala wapi na siku ngapi. Baba alipotaja bonde, sheha akamtazama vizuri. "Wewe ni mtoto wa fulani? Baba yangu alikuwa akiamia jaluba la pili yake." Jaluba ni kitalu cha mpunga. Kazi ya dakika tano ikawa saa nzima na madafu matatu.

Kwa ami tulikuta wali wa mpunga wa mwaka jana, samaki wa kupaka na kisamvu. Nikalala mpaka alasiri.

Saa kumi na nusu tukateremka bondeni. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima. Kwa baba, akishika bega la kaka, ilikuwa nusu saa. Njia inapita chini ya mikarafuu, msimu mkubwa wa kuchuma ulikuwa haujafika, halafu ghafla miti inaisha na bonde linafunguka mbele yako, la manjano na kijani, na kijito kinapita katikati kikielekea kwenye mikoko.

Baba hakulitazama dungu jipya. Alikuwa akitazama chini, upande wa baharini, mahali palipokuwa na majani membamba ya kijivu. "Mbona kule hawakulima?"

Ami akasema, "Kuna chumvi, kaka."

Wakatembea wote wawili mpaka ukingoni, nami nyuma yao. Ilikuwa bamvua, siku za maji makuu ya bahari, na kwenye saa hizo za jioni ndipo maji yanapokuwa juu. Bahari ilikuwa imeingia kupitia mikoko, imelipita tuta la udongo walilolijenga wanakijiji, na inatambaa kimya kwenye lile eneo la kijivu. Palikuwa na miche ya mikoko imeshaota, urefu wa kiwiko, kwenye kilichokuwa shamba. Ami alieleza kwamba maji yalianza kuingia mara moja kwa mwaka, kwenye bamvua kubwa. Kisha kila bamvua. Mpunga ukinywa chumvi unabakia makapi matupu, na ardhi haisameheki upesi, lazima mvua za masika zioshe zaidi ya mwaka mmoja. Wamepandisha tuta mara tatu kwa majembe.

Baba alinyoosha fimbo. "Dungu letu lilikuwa pale." Ilikuwa kati kati ya maji.

Hakusema tena mpaka magharibi.

Usiku wa kwanza

Dungu alilojenga ami lilikuwa zuri: nguzo nne, sakafu kimo cha mtu, ngazi ya vipago tisa. Baba alipanda vitatu, goti likakataa. Akajaribu tena kwa mguu wa kushoto kwanza. Likakataa. Watoto walikuwa juu wakimwita. Ami na kaka walitaka kumbeba, akakataa kwa mkono bila neno. Tukamtandikia mkeka chini, baina ya nguzo, tukafunga chandarua kwenye fito za sakafu, na turubai tukalizungushia upande wa upepo. Nilikwenda kulia nyuma ya mgomba ili asinione.

Saa sita usiku ikanyesha, zile mvua fupi za kusi. Makuti yalikuwa machanga na yamepangwa mbali mbali kwa sababu hayakutosha, tukalowa wote wa juu. Kukatokea taa ya kurunzi njiani. Ni kijana wa nyumba ya pili, mchungaji wa ng'ombe, amebeba mzigo wa makuti makavu kichwani. "Nimesikia mvua nikawakumbuka wageni." Akapanda paani na mvua inamnyeshea, akaziba. Jina lake alilitaja lakini shukrani hakuzitaka. Alisema tu kesho tusisahau kumrudishia kamba.

Mvua ilipokatika mwezi ulitoka wote. Juu ya kilima, kwenye mikarafuu, kukaanza mlio mmoja mfupi, hu, kisha kimya, kisha hu tena. Baba kutoka chini akasema, "Mnamsikia? Huyo hayupo popote pengine." Ni bundi mdogo wa Pemba, na kweli, duniani anapatikana kisiwa hiki tu. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu magharibi.

Jumapili 23 Juni: teo na pepeta

Ndege wanafika na mwanga wa kwanza. Nilidhani nitaamshwa na kelele zao, kumbe niliamshwa na kelele za watoto wa kijiji wakipiga madebe kutoka dungu hadi dungu. Wanangu wakajiunga mara moja.

Baba alikuwa ameketi kwenye gogo, anasokota. Aliomba kamba za usumba kwa ami tangu alfajiri. Alizigawa nyuzi tatu tatu, akazisuka juu ya paja kwa kiganja, akitema mate kidogo kila baada ya muda ili zishikane. Alipofika katikati aliutanua msuko ukawa kama kijiko cha kuweka yai, kisha akaendelea na mkono wa pili. Mwisho mmoja akaufanya kitanzi cha kuingiza kidole. Ilimchukua kama saa moja. Vidole vyake vina baridi yabisi na nyumbani hawezi kufunga kifungo cha shati bila msaada.

Hilo ni teo. Akaliwekea bonge la udongo mkavu, akasimama juu ya tuta, mguu mbovu nyuma. Alilizungusha mara mbili tu juu ya kichwa, akaachia upande mmoja. Bonge lilikwenda mbali kuliko nilivyoweza kulifuata, likapasukia juu ya majaluba, na wingu zima la ndege likainuka. Watoto wa kijiji walinyamazisha madebe. Mmoja akauliza, "Babu, tufundishe." Mpaka adhuhuri alikuwa na wanafunzi tisa.

Mchana shangazi alikuja na kinu. Upande wa juu kulikuwa na mashuke ambayo hayajakauka sawasawa, na hayo ndiyo ya pepeta. Aliyapukuchua, akayakaanga kwenye chungu bila mafuta, akikoroga kwa kijiti mpaka zikaanza kuruka mbili tatu, akazimimina kinuni zikiwa moto. Yeye na mke wa ami wakatwanga kwa zamu, mchi ukishuka huu unapanda huu. Ukichelewa zikapoa zinavunjika; zikiwa moto zinabapa. Kisha ungo, makapi yakaenda na upepo, zikabaki punje bapa za kijani kibichi zenye harufu ya moshi. Tulizila kwa nazi iliyokunwa na sukari. Mwanangu mdogo, ambaye hali chochote asichokijua, alimaliza bakuli na kuomba jengine.

Neno kuhusu kijito, hasa kwa wenye watoto. Maji yake ni safi kwa macho, yana kivuli, na joto la saa saba linakusukuma kuingia. Usiingie. Mabonde ya Unguja na Pemba yana kichocho. Vidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wa maji baridi na hupenya ngozi ukiwa umesimama tu, huna haja ya kunywa. Dalili inayojulikana ni mkojo wenye damu, na huja baadaye sana, umeshasahau safari. Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto wa skuli hugaiwa, lakini kinga ni kutoingia. Wanangu walilia. Tukawaogesha kwa ndoo ya maji ya kisima cha ami. Wanaolima mpunga wenyewe hawana hiari hiyo, na ndiyo maana maradhi hayatoki upesi.

Choo: cha nyumbani kwa ami, dakika kumi. Mkifikia mahali pasipo na nyumba karibu, lipangeni hili kabla ya chakula.

Jumatatu 24 Juni: Ngezi

Baba alisema hatoki bondeni, ana kazi. Mimi, kaka na watoto tukachukua boda mbili mpaka Msitu wa Ngezi, shilingi 5,000 kila moja. Bei za kuingia zimebandikwa getini, ya Mzanzibari ni nafuu kabisa mbele ya ile ya mgeni wa nje, na mnapewa mtu wa kuwatembeza. Chukueni risiti.

Ukiingia tu hewa inabadilika. Kuna mivule na mijoho mirefu mpaka shingo inauma kuitazama, na chini yake mpapindi, mtende wa Pemba usiota kwengine. Mtembezaji wetu alionyesha wanangu kima punju. Alisema wazee wao waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Tulivuka vijito viwili juu ya magogo. Huu ndio mfano wa jinsi kaskazini yote ya kisiwa ilivyokuwa kabla ya mikarafuu, na kipande kilichobaki ni kama hekta 1,400 na ushei.

Kutoka hapo watu huendelea Vumawimbi, na sisi tulikwenda. Mchanga mweupe, watoto walioga baharini kulipia kijito walichonyimwa. Tukala muhogo na pweza. Sina la kuongeza, ufukwe mzuri unajieleza.

Tuliporudi saa kumi na moja niliona watu watano mbele ya dungu. Ami, kijana wa makuti, na wengine watatu wa mtaani, wamelikata dungu. Nguzo zote nne wamezipunguza, sakafu imeshuka mpaka kiunoni. Ngazi ina vipago vinne. Baba yuko juu, amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, teo begani.

Niliuliza nani aliamua. Ami akasema, "Dungu la chini ndege hawaliogopi. Lakini ndege wanamwogopa yeye."

Usiku ule tulilala wote juu, sita pamoja na mtoto wa jirani aliyekataa kwenda kwao. Popo wa Pemba walipita mbele ya mwezi mmoja mmoja, wakubwa kama kunguru na zaidi, wakielekea kwenye miembe. Baba alieleza jinsi babu alivyomfunga kamba kiunoni asianguke akisinzia. Alieleza majina ya wenye majaluba yote, kuanzia juu, akafika yale ya chini yaliyomezwa na bahari, akayataja nayo, kila moja na mwenyewe. Kaka aliyarekodi kwa simu. Dakika arubaini na mbili.

Jumanne 25 Juni: kurudi

Kwa ufupi: gari ya Konde saa moja asubuhi, Chake, Mkoani, boti ya mchana, bahari imetulia. Wete hatukupita, na kwa hiyo hatukuchukua halua ya huko. Ami alituagizia na abiria mwengine wiki iliyofuata.

Jumla ya safari yote, watu watano, siku nne pamoja na dungu, ilikuwa shilingi 496,000. Chakula bondeni hatukulipa, walikataa. Tuliacha turubai, vyandarua viwili, na mchango wa tuta.

Malindi tulifika alasiri. Yule mama wa kachori alikuwapo, na mtungi wangu chini ya meza, ameufunika kwa kanga ili jua lisiupige. Nilimpa kibaba cha pepeta. Akakinusa, akafumba macho. "Hii ya wapi?" Nikamwambia. Akasema kwao ni Micheweni, hajarudi miaka kumi na moja.

Nyumbani baba alilitundika teo kwenye msumari wa mlangoni, palipokuwa na kalenda. Ami alipiga simu mwanzoni mwa Julai kusema wameanza kuvuna, majaluba ya juu yamejaa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu tuta, kisha akamwambia miti ya mwakani aikate mapema ikauke, na nguzo zisirefushwe.

"Vipago vinne," akasema. "Vitatu kama mvua ya vuli itakuwa mbaya kwa goti."